Ahti Heikura, aliyezima kahawa ili mabinti wapate barafu

Huyu tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 25 Machi 2023, ni Ahti Juhani Heikura, mtoto wa tatu kati ya wanne wa marehemu Eino na Lempi Heikura wa Koivuperä. Alizaliwa tarehe 21 Novemba 1957 ndani ya sauna ya nyumbani kwao, yaani chumba cha kuogea kwa mvuke, kwa kuwa barabara ya kwenda kwa mkunga ilikuwa imezibwa na theluji. Mama Lempi alizoea kusema kwamba mtoto huyo alikuja duniani kwa haraka, na hakuwahi tena kuwa na haraka maisha yake yote. Waliowahi kuendesha gari nyuma ya lori lake watakubaliana na mama.

Alianza shule ya kijiji mwaka 1964. Ilikuwa kilomita nne kutoka nyumbani, na wakati wa baridi alikwenda kwa skii, zile mbao ndefu za kupitia juu ya theluji, kama watoto wote wa upande ule wa ziwa. Alikuwa hodari wa hesabu na mvivu wa kuimba. Jambo moja hakujifunza kabisa, nalo ni kuteleza barafuni. Nyumba nzima ilikuwa na jozi moja tu ya viatu vya kutelezea, mali ya dada yake Kerttu, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu. Kerttu anakiri mbele ya kanisa lote kwamba alivificha darini mwa zizi ili Ahti asiviguse, na kwamba jambo hilo linamuuma leo kuliko alivyotarajia. Ahti alipata kipaimara mwaka 1973, akasomea udereva wa magari makubwa mjini Kajaani kuanzia 1975 hadi 1977, kisha akatumikia jeshi kwa miezi kumi na moja.

Tarehe 1 Machi 1979 aliajiriwa na kiwanda cha maziwa cha ushirika kuwa dereva wa lori la kukusanya maziwa mashambani. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka arobaini na moja, hadi alipostaafu tarehe 30 Aprili 2020. Alimjua kila ng'ombe mgonjwa wa wilaya na kila mbwa mkali. Mara moja tu alilitumbukiza lori mtaroni, na hata siku hiyo alishikilia kwamba mtaro ndio uliosogea.

Katika safari hizo ndipo alipomwona Raija, binti wa shamba la mwisho kabla ya daraja. Ghafla maziwa ya shamba lile yakaanza kupimwa mara mbili.

"Ahti, unapima nini tena?" Raija alimuuliza siku moja. "Ng'ombe ni walewale."

"Napima kama mwenye ng'ombe yupo."

Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 18 Juni 1983, wakajaliwa mabinti wawili, Outi mwaka 1986 na Sirkku mwaka 1989.

Outi alipofika miaka sita alitangaza mezani kwamba atacheza hoki ya barafuni. Baba hakujua kuteleza. Alimaliza viazi vyake, akatoka, akaanza kukanyaga theluji ya uani iwe bapa. Wiki nzima ya Januari 1993 aliimwagia maji kila jioni, tabaka juu ya tabaka, igande iwe uwanja. Siku ya mwisho aliuacha mpira wa maji ukitiririka akaingia ndani kunywa kahawa, na Ahti hakuwa mtu wa kikombe kimoja. Maji yakavuka uwanja, yakafika kwenye mlango wa sauna, yakaganda. Ndani alikuwamo mama mkwe wake, Hilja, akioga.

"Wewe Ahti!" sauti ikatoka ndani. "Kama ulitaka kunipika, ungeniambia nije na chumvi!"

Ahti na jirani walipasua barafu kwa shoka dakika ishirini. Bibi Hilja akatoka mwekundu, taulo begani, akautazama uwanja wote kwa utulivu, akasema, "Angalau uwanja umenyooka." Sifa nyingine kutoka kwa mama mkwe hakuipata mpaka bibi alipofariki, lakini uwanja ule aliutengeneza kila mwaka kwa miaka kumi na mmoja.

Kwenye barafu Ahti alisimama kwa mabuti ya kazini, ameshika ufagio. Hakuweza kumfundisha mtu hata kugeuka. Alichokuwa nacho ni mikono iliyozoea kukaza mipira ya kuvutia maziwa ya lori lake, na kamba za viatu alizofunga yeye zilidumu mchezo mzima, vipindi vyote vitatu. Habari zikaenea. Ukumbi wa barafu ulipofunguliwa Koivuperä mwaka 1998, watoto walipanga foleni mbele ya goti lake, kila mmoja akinyoosha mguu.

Sasa yafuatayo yanajulikana na wengi humu, lakini kila mtu anayasimulia kivyake. Familia imeona yaandikwe mara moja yalivyotokea.

Msimu wa vuli wa mwaka 2000, Ahti na Raija pamoja na wazazi wengine walianzisha timu ya mabinti katika klabu yetu ya Koivuperän Halla. Walianza mabinti kumi na wanne. Klabu iliwapa saa moja tu ya barafu kwa wiki, Jumapili saa kumi na mbili na robo asubuhi, kiza kikiwa bado kimejaa uani. Wazazi wao, kwa kuwa timu ilikuwa changa kuliko zote, walipewa kazi ambayo hakuna aliyeitaka, yaani kuendesha kantini kila inapocheza timu ya kwanza ya wanaume. Ahti alikuwa mkuu wa kahawa. Alilipokea hilo bila kinyongo, na kahawa yake ilikuwa nzito hadi kijiko kilifikiri mara mbili kabla ya kuzama.

Kufikia Januari 2002 mabinti walikuwa wamebaki tisa. Mmoja mwingine angeondoka, timu ingefutwa. Na aliyefuata kutaka kuondoka alikuwa Sirkku, golikipa, mwenye miaka kumi na miwili. Jumapili moja alivua magodoro yake ya miguuni akayatundika kwenye msumari wa gereji.

"Sijachoka kucheza, Baba," alisema. "Nimechoka kuamka kama mwizi. Hakuna anayetuona. Hakuna hata anayejua kwamba tupo."

Ahti alikwenda kwenye kikao cha kamati ya saa za barafu. Mwenyekiti alikuwa Teuvo Karppila, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye wanawe watatu wote walichezea Halla. Ahti aliomba saa mbili za jioni kwa wiki.

"Ahti, ndugu yangu," Teuvo alisema, "wewe hata kusimama kwenye barafu huwezi bila ufagio. Utatugawiaje? Waachie wanaoijua."

Kikao kizima kilicheka. Ahti naye alicheka kidogo, akavaa kofia, akarudi nyumbani. Raija anasema kwamba usiku ule hakula, na kwa Ahti hilo lilikuwa jambo la kumwita daktari.

Jumamosi tarehe 9 Februari 2002 Halla walicheza na watani wao wa mji jirani. Watu zaidi ya mia nne walikuja. Nje baridi ilikuwa nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri, na ndani ya ukumbi haikuwa na huruma sana. Kipindi cha kwanza kilipokwisha, watu wote waliteremka kantini, wakakuta foleni imefika mlangoni na haisogei. Nyuma ya kioo yalipangwa maandazi mia mbili ya Raija, yananukia iliki. Mtambo wa kahawa ulikuwa baridi. Ahti alisimama kando yake, mikono kifuani. Juu ya mtambo palikuwa na karatasi: "Kahawa itapatikana kesho Jumapili, saa kumi na mbili na robo asubuhi."

Teuvo alijipenyeza mbele.

"Hii ni nini?"

"Ratiba," Ahti akajibu.

"Ahti, watu wanaganda!"

"Mabinti wetu wanaganda kila Jumapili. Hawajafa. Na ninyi hamtakufa."

"Usinifanyie mchezo mbele ya watu. Washa huo mtambo."

"Mimi sijui barafu, Teuvo, ulisema mwenyewe. Basi barafu shika wewe. Lakini kahawa ni yangu."

Mzee mmoja katikati ya foleni, ambaye hakuwa na mtoto wala mjukuu katika klabu yoyote, akapaza sauti: "Teuvo! Wape watoto barafu yao, mimi miguu yangu siisikii tena!" Foleni ikadakia. Mke wa Teuvo mwenyewe alikuwa mtu wa saba, na inasemekana ndiye aliyepiga kelele zaidi. Kipindi cha pili kilipoanza hakuna aliyerudi kukaa. Teuvo alivua glovu, akaomba kalamu, akaandika kwenye mfuko wa maandazi: "Mabinti, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja na nusu jioni, kudumu." Akatia sahihi. Ahti akausoma mfuko mara mbili, kama alivyozoea kupima maziwa ya shamba fulani, akabonyeza swichi. Mfuko ule uko kwenye fremu ukutani mwa kantini hadi leo.

Lakini karatasi yake ilikuwa imeahidi kahawa Jumapili, na Ahti hakuvunja ahadi. Kesho yake asubuhi aliipika. Watu arobaini walikuja, wengine kwa mzaha, wengine kwa udadisi, na Teuvo akiwa nyuma yao na macho mekundu. Sirkku alikuwa ameteremsha magodoro yake msumarini. Ilikuwa mara ya kwanza mabinti wale kucheza mbele ya watu wasio wazazi wao. Sirkku alidaka kwa glovu kisahani kimoja, kile wanachokipiga badala ya mpira, kikielekea kona ya juu ya goli, na ukumbi ukapiga makofi.

"Huyo golikipa ni wa nani?" Teuvo aliuliza.

"Wangu."

"Mbona hamkusema?"

"Tulisema. Ulikuwa umelala."

Msimu uliofuata mabinti walikuwa ishirini na wawili. Machi 2005 walichukua kombe la kaskazini, na aliyewaendesha safari nzima kwa basi la kukodi, kilomita mia nne kwenda na kurudi, alikuwa Ahti, kwa mwendo wake uleule wa lori la maziwa. Outi alicheza misimu sita katika ligi kuu ya wanawake. Sirkku ni kocha wa mabinti wa Halla tangu 2014, na leo klabu ina mabinti sitini na watatu. Teuvo amekuwa mtunza vifaa wao kwa miaka kumi na minane. Yeye na Ahti walibishana kila wiki kuhusu uzito wa kahawa, na hakuna aliyemkubalia mwenzake hata siku moja.

Septemba 2022 Ahti alianza kupungua uzito, na mwezi uliofuata madaktari wa hospitali kuu ya mkoa walimwambia kwamba ana saratani ya kongosho. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama inaambukiza kwa njia ya kamba za viatu. Alipoambiwa hapana, aliendelea kwenda ukumbini kila Jumanne na Alhamisi hadi mwisho wa Januari. Vidole vilipokosa nguvu, alimwekea mjukuu wake Aava, mwenye miaka tisa, mkono juu ya mkono, akamfundisha fundo lake. Aava sasa anawafungia wenzake, na mafundo yanadumu.

Jumanne tarehe 7 Machi 2023 familia ilikuwa kando ya kitanda chake nyumbani. Saa kumi alasiri alifumbua macho, akamwona Sirkku.

"Leo Jumanne," alisema. "Unafanya nini hapa?"

"Nimekaa na wewe, Baba. Nimeahirisha mazoezi."

"Usiahirishe. Saa ile tuliipata kwa shida. Nenda, mwanangu."

Sirkku alilia, akabishana naye, kisha akaenda. Ahti alifariki saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni, mkono wake ukiwa mkononi mwa Raija. Saa hiyohiyo mabinti ishirini na sita walikuwa kwenye barafu. Sirkku amesema kwamba hajutii, na ameomba iandikwe hivyo.

Ameacha mjane, Raija. Mabinti wawili, Outi na Sirkku. Mkwe mmoja, Jouko. Wajukuu watatu, Aava, Eero na Lumi. Dada yake Kerttu na mdogo wake Pentti. Na kila aliyewahi kunyoosha mguu mbele ya goti lake.

Leo ni siku ya fainali ya mkoa ya mabinti. Wapinzani walijitolea kuiahirisha kwa heshima ya marehemu, na Sirkku aliwashukuru akakataa. Kwa hiyo baada ya maziko hatutakwenda ukumbi wa parokia. Kahawa ya msiba itanywewa kantini, chini ya ule mfuko wa maandazi, na aliyeomba kuipika ni Teuvo Karppila. Alipoulizwa ataipika vipi, alijibu, "Nzito, kama yake. Alikuwa sahihi, ila sikuweza kumwambia." Saa kumi jioni mchezo utaanza. Kerttu ameleta vile viatu vya zamani kutoka darini mwa zizi, na vitawekwa kwenye benchi la Halla.

Pumzika, Ahti, zamu yako umeimaliza vizuri. Barafu ni ya mabinti, na mtambo umeshawashwa.