Daktari Gunnvor Aasebø na Wagonjwa Wasiomwamini

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kliniki yetu ya meno hapa Ålesund, Daktari Gunnvor Aasebø anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Juni. Wengi mnamjua kama mtu wa kuaminika. Mwanzoni haikuwa hivyo, na yeye mwenyewe ametuomba tusimpambe.

Aliporudi kutoka mafunzoni Bergen akitaka kuwatibu waoga wa meno kwa tiba ya kubadili fikra na mwenendo, tulimtilia shaka. Mgonjwa anaingia, mlango unafungwa, saa nzima mashine hailii. Torgeir, mkuu wetu wa wakati huo, alishuku kwamba mle ndani watu wanafanyiwa mazingaombwe. Akanipachika mimi, daktari mgeni, niwe msaidizi wa Gunnvor, nadhani ili nimpelekee habari. Gunnvor alilijua hilo. Akanisogezea kiti karibu, nisije nikakosa neno.

Ndipo akaja Oddleif, fundi wa mitambo ya feri. Alikuwa amejing'oa jino kwa koleo, na nusu yake ikabaki kwenye taya. Uvimbe ulishampeleka hospitali. Dawa zikautuliza, lakini alionywa kwamba ukirudi unaweza kumziba koo. Hata hivyo kitini hakai. Utotoni watu wazima wawili walimkandamiza huku daktari akimng'oa jino naye analia. Sasa alisimama karibu na mlango, koti hajalivua.

"Sindano umeificha mfuko gani?" akauliza.

Gunnvor akaigeuza mifuko yake nje: leso, na pipi nyeusi za chumvi. Akamuuliza anadhani nini kitatokea akikaa. Oddleif akasema atakosa pumzi, ataomba aachwe, na hataachwa. Gunnvor hakumbishia. Alimwambia wajaribu kidogo kidogo, waone kama ni kweli. Akiinua mkono, kila kitu kinasimama.

Oddleif akaanza kumtega. Aliinua mkono kwa kioo tu, kwa taa, hata Gunnvor alipokohoa. Kila mara Gunnvor aliacha. Wiki zikapita. Oddleif akaishika sindano yenye kifuniko, kisha isiyo na kifuniko, kisha akakubali iguse fizi bila kuchoma, na kila mara walizungumzia kilichotokea na kile alichokiogopa. Pumzi haikukatika. Bado alinitazama mimi kwa jicho baya, kana kwamba mmoja wa wale wawili waliomkandamiza utotoni ndiye mimi.

Siku ya kung'oa, sindano ya ganzi ilikuwa tayari ndani ya fizi alipoinua mkono. Torgeir alikuwa amesimama mlangoni, wagonjwa wamejaa mapokezi.

"Malizia tu, Gunnvor, imeshaingia hiyo."

"Nimemwahidi," akasema, akaichomoa.

Oddleif aliketi, jasho likimtiririka, akimkagua Gunnvor usoni kama anayetafuta ufa kwenye bomba. Nilidhani ataondoka. Badala yake akalivua koti kwa mara ya kwanza, akalitundika, akarudi kitini, akafumbua mdomo mwenyewe.

"Sasa endelea, mama."

Kipande cha jino kilitoka bila shida. Kabla ya mwezi kwisha Torgeir alianza kumpelekea Gunnvor wagonjwa wake mwenyewe, na mwishowe akaomba naye afundishwe. Leso za mapokezi zimekwenda nyingi tangu hapo kufuta machozi ya furaha, na watu waliokuwa wakila upande mmoja wa mdomo sasa wanakula pande zote mbili.

Chumba chake nakirithi mimi. Oddleif kaisikia habari hiyo, na wiki iliyopita akaja kunichunguza. Alinihoji kuhusu masomo yangu, mikono yangu, na kwa nini siku zile nilikuwa nimekaa pale bila kusema neno. Nilimweleza ukweli wote, hata kwamba nadhani niliwekwa pale nipeleke habari. Kisha akaenda mapokezi akajiandikisha kuja kutibiwa nami wakati wa vuli.

Gunnvor, ahsante kwa subira yako kwa wagonjwa na kwetu. Ukastarehe, ule vizuri, ulale bila saa ya kukuamsha.

Jorunn Skeide, kwa niaba ya wenzako wote