Adabu Mbele ya Wageni

Kijiwe cha Rimu Mbili kiko Chikongola, nyuma ya maduka ya vitenge, na jina lake halina siri: benchi lenyewe ni ubao wa mninga uliolazwa juu ya rimu mbili za lori. Kahawa huanza kumiminwa baada ya alasiri, kashata ipo, na ukweli haupungui kwa kuwa kila mtu huja na wa kwake. Siku za kawaida hapo watu wanauana kwa Simba na Yanga. Lakini mwaka ule wa mabomba ya gesi, siku ya tisa tangu kibarua Sudi azikwe, mjadala ulikuwa mmoja tu: kwa nini wazungu wa kambi ya gesi waliwakataza vibarua kusema lugha zao mbele yao. Kasiani alikaa kwenye ncha ya ubao, kikombe mkononi, kahawa imeshapoa. Siku Sudi alipokufa naye alikuwa kazini kambini, hatua sita kutoka kwake, na lipo neno alilomwambia ambalo hajamweleza mtu yeyote. Ajabu ya kijiwe ndiyo hiyo: watu wanagombea jibu, na mwenye jibu wamembana ubavuni, wanamwambia asogee kidogo.

Aliyeshika usukani alikuwa Mwalimu Dickson, mtu wa Bukoba, mfundisha Kiingereza wa sekondari. Kijiwe kinamwita Misamiati. Ndiye aliyeajiriwa na kampuni, Jumamosi mbili, kuwafundisha vibarua adabu ya kusema mbele ya wageni.

MISAMIATI: Lile si katazo, jamani, ni ustaarabu. Una mgeni mezani, unamgeukia mkeo unamsemesha kilugha, mgeni anabaki anatafuna huku anakuangalia mdomo. Ni haki hiyo?

GUNIA: Ngeni wangu mimi anakula ming'oko, anashiba, analala. Ndomo wangu una nini cha kuangaliwa?

Gunia huyo ni Saidi, mkulima wa korosho. Alikuja mjini kutafuta salfa ya kupulizia mikorosho, hii wiki ya pili, salfa haijaonekana na kijiwe kimempata.

BALOZI: Ninyi hamjakaa na wazungu. Mimi nimewapikia miaka kumi na moja pale Mikindani.

Na hapo vikombe vikashushwa, maana Balozi akishataja jiko la Mikindani hatoki humo upesi.

BALOZI: Mzungu akisikia watu wanasema asichokielewa, anajua anasemwa yeye. Yule mama daktari alilia siku moja, machozi kabisa! Mimi na mtu wa bustani tulikuwa tunabishana habari ya vitunguu. Akadhani tunausema unene wake.

GUNIA: Hamkumwambia ni vitunguu?

BALOZI: Tulimwambia. Akauliza, sasa mbona mlicheka? Ndiyo maana wahenga wakasema mpanda ngazi hushuka.

MISAMIATI: Methali hiyo inaingiaje hapo?

BALOZI: Wewe iache. Itaingia.

Kasiani alitaka kucheka, akamkumbuka Sudi. Methali za Balozi zilikuwa chakula cha Sudi. Angekuwepo angepiga paja, angeirudia mara tatu, na kesho yake kambini angemnong'oneza Kasiani mpanda ngazi hushuka katikati ya kazi, akitazama kwanza kama msimamizi yuko mbali.

MISAMIATI: Na hawakuonewa. Kosa la kwanza barua, la pili barua, la tatu mtu anakwenda nyumbani. Kila mtu alisomewa. Si ndiyo, Kasiani?

KASIANI: Ndiyo, mwalimu.

Barua mbili alikuwa nazo. Ya kwanza alipewa kwa kumwomba Sudi maji ya kunywa kwa Kimakonde. Ya pili, kwa kumwamkia shikamoo mlinzi mzee wakati wageni wanapita. Mkewe Theresia amezificha chini ya godoro, na kila asubuhi alimsindikiza mlangoni kwa wosia mmoja: baba, chunga ulimi.

GUNIA: Nashangaa mnazunguka. Nzungu anaogopa kurogwa. Kaambiwa huku kwetu ntu anaweza kuitiwa simba kwa maneno. Sasa akisikia Kimakonde kinasemwa polepole, anahesabu vidole vyake.

MISAMIATI: Msomi mzima, mhandisi, aogope simba wa maneno?

GUNIA: Usomi na simba wapi na wapi? Simba haulizi cheti.

BALOZI: Subirini, niwaambie lililo lenyewe. Si wao wanaoogopa. Wanaiogopea gesi.

GUNIA: Gesi?

BALOZI: Gesi imekaa chini ya ardhi yetu tangu mababu. Inasikia. Ikisikia Kimakonde, itajua wenyewe wapo, itakataa kupanda kwenye bomba. Ikisikia Kiingereza tu, inadhani wenyewe wamehama. Inatoka yenyewe, kama kuku aliyeona mlango wazi. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako!

Hata muuza kahawa aliguna. Misamiati alishika kichwa, Gunia akasema hilo sasa linaweza kuwa kweli. Watu walikuwa wamefika kwenye gesi yenye masikio, na Sudi yuko udongoni kijijini kwao Kitaya.

Maana yeye aliona. Asubuhi ile mabomba yalikuwa yamepangwa lundo refu kuliko mtu, yakizuiwa na kabari za mbao. Sudi aliinama chini ya lundo akifunga mnyororo wa kreni. Kasiani akaona kabari moja inateleza topeni, kidogo kidogo. Mdomo ukafunguka. Neno la Kimakonde lilikuwa limeshafika ulimini, lile analopigiwa mtoto anayeusogelea moto. Lakini wageni watatu walisimama pale na makaratasi yao, na msimamizi alikuwa anamtazama Kasiani usoni. Barua ya tatu. Akalimeza neno. Akatafuta alichofundishwa Jumamosi: usimvamie mtu na maneno kama mbuzi aliyeingia sebuleni, mwombe radhi kwanza, halafu ndipo useme. Kasiani akasema, kwa sauti ya adabu kabisa, "Ekskyuzi mi."

Sudi akainua kichwa, akacheka. Neno hilo lilikuwa mzaha wao, walikuwa wanalitumia hapa hapa kijiweni kugombea kashata. Akajibu kwa kuiga sauti ya Misamiati, "Yu a welikamu." Na kabari ikatoka.

Kasiani alipoinua macho, mwanamke alikuwa amesimama mbele ya kijiwe, kanga ya msiba kichwani, ndala zimejaa vumbi. Kasiani alimtambua mara moja. Siku ya maziko alijificha nyuma ya watu ili asimpe mkono. Alikuwa Mwanaidi, mama yake Sudi.

Walimwamkia wote pamoja. Gunia aliinuka kumpisha, mama akakataa kukaa.

BALOZI: Pole kwa msiba, mama.

MWANAIDI: Tushapoa, baba. Namtafuta mwalimu wa Kiingereza. Nimeambiwa anakaa hapa.

MISAMIATI: Ndiye mimi, mama. Karibu.

MWANAIDI: Nwanangu aliambiwa neno kabla hajafa. Erasto wa kreni alilisikia, hakumwona msemaji. Nimelishika njia nzima kutoka Kitaya, nalisema moyoni nisije kulipoteza. Ekisikuzi mii. Maana yake nini?

Misamiati alifungua mdomo kwa wepesi wa kazi yake, kisha wepesi ukamwisha. Alikumbuka ubao mweusi, chaki, na vibarua thelathini wakiitikia pamoja.

MISAMIATI: Maana yake... samahani, mama.

MWANAIDI: Samahani. Basi huyo nzungu aliyemwomba samahani, mwambieni nimeshamsamehe. Lakini nataka kujua alikuwa amemkosea nini. Nwanangu hakuwa na ugomvi na ntu.

Balozi hakuwa na methali. Kasiani alijua kwamba akikaa kimya nukta chache tu, mzungu ataubeba mzigo huo mpaka kwao, na hatajua kama ameubeba. Ilikuwa rahisi hivyo. Akakiweka kikombe chini, akasimama.

KASIANI: Mama, si mzungu. Ni mimi.

Halafu akaendelea kwa Kimakonde, kwa sababu Kiswahili kilimwishia. Akamweleza kabari, wageni, barua mbili, wosia wa Theresia, lile neno la moto alilolimeza na lile la adabu alilolitoa. Akamweleza Sudi alivyocheka. Alilia huku anasema, bila kuficha. Gunia akajifunika uso kwa kofia. Misamiati, ambaye Kimakonde hakijui, alibaki na kipande cha kashata kinywani, anawatazama midomo, na hakuna aliyemkumbuka kwamba ni mgeni.

Mwanaidi alimkumbuka. Aliposikia yote alimtazama mwalimu, na aliporudi kwa Kasiani alisema kwa Kiswahili, polepole, ili wote waliokaa pale waelewe.

MWANAIDI: Kimakonde mlikatazwa. Sawa. Kiswahili mlikatazwa. Sawa. Mnasema ni adabu, mimi sijasoma, siwezi kubisha. Lakini nwanangu nilimpa jina. Herufi nne tu. Hilo si Kimakonde, si Kiingereza, ni lake. Kwa nini hukumwita Sudi?

Kasiani alimtazama. Akamtazama mwalimu, mwalimu akatazama chini. Muuza kahawa, kwa kutojua la kufanya, aliinamisha birika kwenye kikombe kilichokuwa karibu, yakatoka mashapo matupu. Mama yake Sudi aliendelea kusimama pale, anasubiri kujibiwa.