Mzee Kidole na Mlio wa Usukani

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa kumi kamili alasiri, fundi mkuu wa karakana ya pikipiki ya idara yetu ya afya atavua ovaroli ya bluu kwa mara ya mwisho. Ameivaa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Si ileile moja, ingawa mkewe anasema tofauti ni ndogo.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na sita, kazi yake ikiwa kuosha pikipiki, wakati idara nzima ilikuwa na pikipiki tisa. Leo zipo arobaini na moja. Miaka sita baadaye alikabidhiwa spana, na katika mwaka wake wa kumi na tano akawa fundi mkuu. Tangu hapo hakuna pikipiki iliyopeleka chanjo, dawa au sampuli za damu bila kupita mikononi mwake au mikononi mwa mtu aliyemfundisha.

Sote tunamwita Mzee Kidole. Watumishi wapya, wakisikia jina hilo, humtazama mikono kwa siri na kuanza kuhesabu. Vidole vyote kumi vipo, ila ukucha wa dole gumba la kushoto umeamua kuota utakavyo. Jina lilitokana na imani yake kwamba mlio husafiri ndani ya chuma. Unausikia kwenye taa kumbe umezaliwa kwenye ekseli. Kwa hiyo yeye husikiliza kidogo tu, kisha huchuchumaa na kuweka kidole kwenye maungio, moja baada ya jingine, mpaka apate linalogonga. “Sikio ni mbea,” hutuambia, “kidole ni shahidi.”

Kabla ya kidole kuna mtihani mwingine, na hakuna dereva aliyewahi kuukwepa. Ukimletea pikipiki inayolia, lazima uuige mlio huo kwa mdomo wako, kwa sauti, mbele ya mafundi wote. Mhasibu wetu, mtu wa suti na heshima zake, aliwahi kusimama katikati ya karakana akatoa sauti ya kuku anayetafuta pa kutagia. Mzee Kidole hakuinuka hata kwenye kigoda. “Madigadi ya mbele,” alisema, “bolti ya kulia.” Ilikuwa ya kulia.

Na kuna ile asubuhi ambapo mafundi watatu walifungua shokapu za mbele za pikipiki moja, wakazifunga, wakazifungua tena, wakitafuta kitu kinachogonga kila gurudumu likipita kwenye shimo. Mzee alipita akielekea kunywa chai. Alichomoa ufunguo wa pikipiki, ambao dereva alikuwa ameufungia funguo nyingine kumi na moja za nyumba, stoo na makabati ya mama mkwe wake, akautenganisha na shada lile, akamtia dereva shada mfukoni. Mlio ukaisha. Chai yake haikupoa.

Nyumbani inasemekana hali ni hiyohiyo. Mkewe ni fundi cherehani, na ilimbidi ampige marufuku kukaribia mashine yake. “Huku wewe ni baba watoto,” alimwambia, “ufundi uache getini.” Binti yao mkubwa anasema amri hiyo imetekelezwa kwa nusu: baba hagusi, lakini hukaa chumba cha pili akitikisa kichwa.

Ningeweza kujaza taarifa hii yote kwa vichekesho vya namna hiyo, na Mzee angefurahi. Lakini namfahamu zaidi kwa jambo moja lililotokea mwaka juzi, nami nilikuwa ndani yake, tena si upande mzuri.

Tunaye dereva mmoja tunayemwita Dada Sampuli, kwa kuwa yeye ndiye huchukua sampuli za damu kutoka zahanati kumi na moja na kuzifikisha maabara kabla hazijaharibika. Aliiomba njia hiyo miaka minne kabla ya kupewa. Mwaka juzi alianza kulalamika kwamba pikipiki yake inagonga mbele. Alipoambiwa aige, aliiga vizuri: “Ko! Nikishika breki ya mbele, ko! Nikiingia shimoni, ko! Nausikia mpaka viganjani.”

Mimi ndiye niliyepewa kazi hiyo. Nilikuwa na miezi mitano tangu nitoke chuoni na nilikuwa najiamini kuliko inavyofaa. Nilikagua shokapu, breki, ekseli na bolti zote za mbele. Niliiendesha uani mizunguko kumi. Kimya. Nikaandika kwenye kadi ya kazi, “Hakuna tatizo,” nikatia sahihi. Siku ya nne Dada Sampuli akarudi na ko yake. Nikarudia yote, nikaendesha mizunguko ishirini. Kimya kilekile. Nikaandika maneno yaleyale.

Madereva wenzake wakapata burudani. “Dada, hiyo pikipiki inakuamkia tu,” walimwambia. “Ikisema ko, wewe itikia marahaba.” Alicheka nao wiki ya kwanza. Wiki ya pili alikataa kushuka na sampuli kwenye mteremko mkali wa zahanati ya mwisho, na hapo meneja wa usafirishaji akamwandikia barua. Pikipiki itakaguliwa mara ya tatu na ya mwisho. Isipoonekana na ubovu, yeye atahamishiwa stoo ya vifaa vya ofisi na njia yake atapewa mwingine. Barua ilitaja kadi mbili za ukaguzi, zote zenye sahihi yangu.

Mzee Kidole alikuwa likizo wakati wote huo. Alirudi siku moja kabla ya ukaguzi wa tatu, akaomba kadi zile. Nilitegemea asome nilichoandika chini. Yeye alikodolea macho mstari wa juu kabisa, ule usiosomwa na mtu kwa sababu siku zote umejazwa vilevile: “Usukani umekazwa mapokezini.” Aliusoma kwenye kadi ya kwanza, akausoma kwenye ya pili, akavua miwani na kuzitia kadi zote mbili mfukoni.

Mstari huo una historia. Miaka kumi na tisa iliyopita pikipiki moja ilitoka karakana ikiwa na nati ya usukani iliyolegea. Dereva akaanguka, akavunjika mtulinga. Mzee, akiwa bado mgeni katika ukuu wake, alichukua ubao akaandika kwa rangi nyekundu: KILA PIKIPIKI INAYOINGIA IKAZWE USUKANI KABLA YA JAMBO LINGINE LOLOTE. Ubao ukatundikwa juu ya mapokezi. Tangu hapo fundi wa mapokezi hukaza usukani kama mtu anayebisha hodi, bila kufikiri. Tuliiheshimu kanuni hiyo mno. Hakuna aliyewahi kujiuliza inaweza kuficha nini.

Asubuhi ya ukaguzi wa tatu, Dada Sampuli alipofika, Mzee Kidole alikuwa amesimama katikati ya geti, mkono juu kama askari wa barabarani. “Zima hapohapo, mwanangu. Asiiguse mtu.” Fundi wa mapokezi alikuwa tayari na spana yake. Aliambiwa aishike kwa mikono miwili nyuma ya mgongo. Meneja naye alikuwepo, faili kwapani.

Mzee alimwambia dada akae kwenye kiti, abane breki ya mbele, asukume pikipiki mbele na nyuma bila kuiachia iondoke. Akachuchumaa, akaweka kidole chini ya shingo ya usukani, mahali kipande kinachozunguka kinapokutana na fremu. Kisha akaniita. “Binti, lete kidole chako.”

Nikaweka. Ko. Haukuwa mlio tena, ulikuwa chuma kinachohama chini ya ngozi yangu. Nilitamani ardhi inifunike.

“Na wewe bosi, karibu.” Meneja alichuchumaa na shati lake jeupe, akaondoka na grisi mpaka kwenye kifungo cha mkono.

Tukainyanyua mbele kwa jeki. Mzee akazungusha usukani kwa vidole viwili, taratibu. Ulipofika katikati ulinasa, kama komeo linapoingia mahali pake. Tulipoufungua, vikombe vinavyobeba golori za chuma za usukani vilikuwa na safu ya vishimo, kila golori imejichimbia kiti chake. Kila mara pikipiki hiyo ilipoingia kwetu ilikazwa kwanza, ulegevu ukajificha, nami nikaendesha uani nikifurahia kimya tulichokitengeneza wenyewe. Baada ya siku tatu za barabara mbovu nati ililegea, na mlio ukarudi kwa mtu mmoja tu aliyekuwa akiusikia. Mimi nilipima ulegevu ambao ulikuwa umekwisha kuondolewa. Sikuinyanyua mbele nikauzungusha usukani taratibu hata mara moja.

Meneja aliuliza nani amekosea. Nikafungua mdomo kusema sahihi ni yangu. Mzee alinitangulia.

“Huyu dada amesema kweli tangu siku ya kwanza. Sisi ndio tuliokuwa tukifuta ushahidi kila akikanyaga hapa, na kanuni ya kufuta ni yangu. Andika mimi.”

“Sahihi ni yangu, Mzee,” nikasema.

“Haya, basi tugawane lawama. Wewe chukua ndogo.”

Dada Sampuli alikuwa sasa amekaa kwenye jiwe la getini, helmeti mapajani. Hakusema tulimwonea. Alisema, “Nilikuwa nimeanza kuamini nimechanganyikiwa.” Maneno hayo yalimuumiza Mzee kuliko barua yoyote. Meneja aliichana yake mbele yetu, kwa vipande vidogo, na dada akabaki na zahanati zake kumi na moja, ambazo anazo mpaka leo.

Siku hiyohiyo Mzee aliteremsha ubao mwekundu mwenyewe. Kwa wiki mbili tulizikagua pikipiki zote kabla ya kukaza chochote, tukakuta sita nyingine zenye vikombe vilivyochimbika, madereva wake wakiwa wameshazoea. Kisha akaandika barua ya ukurasa mmoja kwenda kwa mkuu wa idara, akieleza kosa, chanzo chake na jina la mwenye kanuni. Jina lilikuwa moja tu. Nililalamika. Akaniambia nisubiri, nitapata makosa yangu, yapo mengi.

Mwezi uliopita ofisi ya utumishi ilipokuwa ikiandaa faili lake la kustaafu, karani mwenye huruma alipendekeza barua ile iondolewe, ili faili lisomeke vizuri siku ya sherehe: vyeti vitatu vya mfanyakazi bora, mafundi kumi na wanane aliowafunza, na doa hakuna. Mzee Kidole alikataa. Alisema faili lisilo na kosa ni la mtu ambaye hakufika kazini. Karani akaiacha, nami nimeiona kwa macho yangu, imekaa mbele ya vyeti, kwa sababu ndivyo alivyotaka ipangwe.

Mzee wetu, asante kwa kila asubuhi ya miaka hii thelathini na minne. Wewe na mama, Mungu awajalie afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wasikivu. Sisi tuliobaki tutakosea, na tutaandika majina yetu wenyewe.