Salamu ya Chumba cha Alhamisi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka fundi wa makochi aliyefariki dunia mwezi uliopita, akiwa na miaka arobaini na mmoja. Kazini walimwita Springi, kwa sababu kochi lililobonyea, akilishika yeye, linakaa sawa.

Springi alikunywa pombe miaka mingi. Mkewe halifichi hilo. Kisha akachoka, akaanza matibabu, yale ya kwenda na kurudi nyumbani, kila Alhamisi asubuhi. Wanaume tisa, chumba kimoja, viti vya plastiki na mshauri mmoja. Walikuwa na salamu yao. Hawakuulizana habari. Waliulizana, "Siku ngapi?" Nawe unataja siku ulizokaa bila kuonja. Walikubaliana salamu hiyo isitoke nje ya chumba.

Mtu mmoja tu wa nje aliijua: mdogo wake Springi. Springi ndiye aliyemfundisha kazi, tangu kushika nyundo. Siku ya kwanza ya matibabu alimwomba amsindikize, maana peke yake aliogopa kuingia; ndipo mdogo mtu akaisikia salamu ile.

Siku ya tisini na nne bila kuonja, Springi aliingia karakanani kama kawaida. Mkata sponji akainua kichwa.

"Springi! Siku ngapi?"

Karakana nzima ikaangua kicheko.

"Jamani, mwacheni mgonjwa wetu," akadakia mwingine. "Mikono ikimtetemeka atatutengenezea kochi la bembea!"

Springi alimtazama mdogo wake. Mdogo mtu alikuwa ameinamia stepla, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Alhamisi iliyofuata Springi alifika kwenye chumba kile, akageuka. Kwake kilikuwa kama kimeng'olewa mlango. Mshauri alimpigia simu mara nne. "Kazi zimenizidi, dada," alijibu kila mara.

Mkewe anasimulia: "Kila Alhamisi nilimpigia shati pasi. Anaaga, anaondoka. Kumbe haendi. Walinificha wote wawili, mume wangu kwa aibu, mdogo wake kwa woga."

Pombe ikarudi, na safari hii haikumpa nafasi. Ini likashindwa.

Baada ya mazishi mdogo wake alikiri mbele ya familia kwamba yeye ndiye aliyeitoa salamu ile. Ameturuhusu tuyaseme. "Nilitaka kuwachekesha tu," alisema.

Mke wa marehemu akamuuliza, "Shemeji, na yeye siku ile alifanya nini?"

"Alicheka na sisi. Nikajua hakuumia."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole mama mzazi, mke na watoto wawili. Tunawapa pole wale wanaume wanane wanaoendelea kukaa kwenye viti vile. Mdogo mtu, pole nawe. Mzigo wako hatuna namna ya kuupunguza hapa.

Nanyi mnaonisikia, tafakarini. Kama siri ya mtu iliwahi kuwaponyoka, mwendeeni leo. Akiwachekea, msiondoke.