Dawa Aliyomnyima Mjomba Wake

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili wa dada na shemeji. Mjomba wake, aliyeandika maneno haya, ndiye aliyempakata kabla hata ya baba mzazi. Wanaobisha wabishe baada ya mazishi.

Alianza shule mwaka 1978. Kuhesabu alifundishwa na mjomba huyo kwa vizibo vya soda, na haikuchukua muda mwanafunzi akampita mwalimu, ambaye yeye na shule waliachana darasa la sita. Kila alipoleta cheti, nyumba nzima ilishangilia. Mjomba naye alishangilia, roho ikimuuma kama jino bovu. Mwaka 1998 akapata udaktari wa kemia.

Tangu hapo alibuni dawa za kifafa, katika maabara ya ghorofa ya tatu yenye dirisha moja na friji linalonguruma. Alizoea kueleza hivi: "Mjomba, ubongo una mlango mwembamba. Dawa iwe ndogo, na mafuta yake yawe ya kiasi. Yakipungua, inabaki nje. Yakizidi, inaingia, lakini inakwenda kung'ang'ania kusikohusika, hata kwenye moyo."

Mwaka 2001 alifunga ndoa na fundi friji, aliyekuja kutengeneza lile la maabara akamaliza siku nzima kwa kazi ya nusu saa. Walijaliwa mabinti wawili. Ila nyumba ile ilikuwa na mume wa pili: Namba Arobaini na Moja, dawa aliyoilea miaka tisa. "Mimi hajawahi kunitazama hivyo," mume alinung'unika.

Mjomba ana kifafa tangu utotoni. Mwaka 2010, aliposikia Namba Arobaini na Moja imetuliza panya, alipanda ngazi zote tatu.

"Nionjeshe japo kidogo."

"Sikupi, Mjomba. Ina mafuta mno, na moyo bado sijaupima."

"Panya unawapa, damu yako unainyima?"

"Panya siwaiti Mjomba."

Mjomba akasusa miaka miwili. Kila harusi alitangaza kuwa mpwa wake amewachagua panya. Ndiyo, mtu mzima aliwaonea panya wivu.

Mwaka 2012 vipimo vikaonyesha Namba Arobaini na Moja inavuruga mapigo ya moyo wa mbwa. Aliifuta ubaoni kwa mkono wake mwenyewe, akaja moja kwa moja jikoni kwa mjomba, akamweleza. Mjomba akammiminia chai. "Si nilikwambia ina mafuta?" Marehemu akacheka mpaka akalia.

Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliaga dunia hospitalini Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mitatu.

Ameacha mama, mume, mabinti wawili, na mjomba wa miaka sabini na moja, ambaye moyo wake unadunda sawasawa kwa sababu siku moja alinyimwa.

Amempita mjomba wake tena. Alale pema, mpwa wetu.