Kisu cha Mzee Fakihi

Jumamosi ya tarehe 14 Juni, saa kumi na dakika ishirini alasiri, Padri Ambrosi alikikataa kiti chake cha mbele, akaketi kwenye benchi la waumini, na Stefania akajua kwamba kuagana kumeanza. Binti huyo alikuwa amerudi kijijini Miteja na shahada ya ualimu, na kuanzia kesho yake ndiye angeongoza ibada, maana padri mpya angekaa Somanga na kufika mara moja kwa mwezi. Watu hawakuwa wamesahau Pasaka. Kigangoni hapo, kwenye kanisa hilo dogo lisilo na padri wake wa kudumu, tangu enzi za mababu, mnyama wa sikukuu huchinjwa na Mwislamu, ili mashangazi na wajomba walio Waislamu nao wale. Pasaka hiyo Stefania ndiye aliyepanga sherehe, na kwa kuogopa kuchelewa akaamuru mbuzi achinjwe na vijana wa kwaya. Mzee Fakihi, mchinjaji wa miaka yote, alipofika na kisu chake, mbuzi alikwisha kuchunwa. Akakiweka kisu dirishani, akaondoka, na nusu ya wageni wakamfuata na njaa yao. Hakukanyaga pale tena.

"Nisikilizeni, wanangu, na mnisogelee," padri alisema, "kwa kuwa kifua hiki hakinipi tena sauti ya kufika mlango wa nyuma. Kesho jioni naenda Lindi, kwenye nyumba ya mapadri wazee, na daktari alivyonitazama, sina haja ya kuuliza siku ya kurudi. Nasikia mnanong'ona kwamba kigango kitakufa. Nani kasema? Mmeisahau mikorosho ya kanisa, ile mizee iliyogoma kuzaa? Tulipoikata ikabaki visiki, wewe Boniface ulisema padri kapata kichaa; tukaibebesha vikonyo vichanga, vijiti vya mikorosho izaayo, na msimu uliopita ni nani aliyelalamika kubeba korosho?"

"Mimi, baba, na mgongo unauma hadi leo!" Boniface alijibu.

Watu wakacheka.

"Basi uume. Mimi ni tawi linalokatwa. Shina ni ninyi. Baiskeli yangu mpeni Benjamin awatembelee wagonjwa, na asiipakie mkaa. Bertha na Scholastica, ugomvi wenu wa nani aanzishe wimbo umenizeesha kuliko ugonjwa. Anzisheni pamoja, yaishe. Na Stefania…" Akatafuta pumzi. Stefania akatazama vidole vyake. "Msimnunie binti huyu. Kujikwaa si kuanguka. Ibada anaijua, alichokosa ni kungoja tu. Mwanangu, kanisa hili halikujengwa na Wakristo peke yao. Maji ya kukandia udongo wake waliyateka kina mama wa nyumba ya Fakihi, na msiba ukitufika wao ndio wa kwanza kushika majembe. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe. Hapa Miteja nimeona anayekula nawe ndiye anayekuzika. Kisu cha Fakihi hiki hapa. Nilitaka nimpelekee mwenyewe, miguu imekataa. Chukua. Mbuzi wa kuniaga… asiguswe kwanza, mpaka yeye afike." Sauti ikawa nyembamba kama uzi. "Padri mpya ni kijana, mlisheni. Mungu awa… awatangulie, awape mvua kwa wakati wake, na meza… meza isiyobagua. Nishikeni mkono, nisimame."

Asubuhi iliyofuata Stefania alikifunga kisu kwenye kanga, akapita njia ya mikorosho akirudia kimoyomoyo maneno ya kuomba radhi. Mzee Fakihi alikuwa uani akinoa panga.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Ratiba yenu leo inasemaje, mwalimu?"

Stefania akapiga goti, akatoa kisu kwa mikono miwili.

"Inaanza ukifika, babu."

Mzee akapitisha kidole gumba kwenye makali. "Lo! Mlikuwa mkikatia nini, mawe?" Akaweka panga kando, akamwagia maji jiwe la kunolea, akaanza taratibu, bila haraka yoyote.

Kengele ya kwanza ya ibada ikalia kanisani. Stefania hakuinuka. Alivuta jamvi, akaketi, akangoja.