Goti la Mushagalusa na Hofu ya Sisi Tuliobaki

Mgeni rasmi, Docteur Carmel, mupasuaji wa mifupa. Papa Muganga Mkuu wa hospitali. Masista na wauguzi: sisi wagonjwa tisa wa sali, yaani wodi, ya mifupa tunakukaribisha Bukavu, Docteur. Utuwie radhi, hatukuweza kusimama ulipoingia.

TULIVYOFIKA HAPA
Wengi wetu tulianguka na pikipiki. Mwenzetu Mushagalusa, dereva wa moto, yaani pikipiki ya abiria, aligongwa na lori pale kijijini Miti. Goti lilivunjika vipande vipande, na kano zinazolishika zikakatika. Muunga mifupa wa kijijini alilifunga kwa vijiti siku tano. Alipoletwa hapa muguu ulikuwa umevimba, vidole vimepoa.

MAFANIKIO
Waganga wetu wa hospitali waliuokoa muguu ule. Walimpasua, wakafunga mifupa kwa chuma na vis, zile skrubu. Baada ya miezi minne picha ilionyesha mifupa imeshikana, naye akaruhusiwa kuacha magongo. Tulimpigia makofi. Hatua ya pili goti likaenda kando, akaanguka mbele yetu. Hakulia. Alisema tu, “Mufupa iko muzima, lakini goti haina mwenye kuishika.”

Waganga walitueleza bila kuficha kwamba kano hazikutengenezwa, maana hapa hakuna aliyefundishwa kazi hiyo.

SHIDA
Tangu siku ile tunaogopa. Maman Agnès, muuza samaki wadogo wa sambaza, amekataa kutia sahihi karatasi ya kupasuliwa. Papa Adalbert anauliza kila asubuhi kama watamukata muguu. Kisu tunakiogopa, ndiyo, lakini zaidi tunaogopa kupona kwenye picha na kushindwa kufika mulangoni. Na tumesikia utakaa kwetu siku kumi tu.

MAOMBI
Utuambie ukweli kabla ya dawa ya usingizi: nani atatembea, na nani hatatembea. Waganga wetu wasimame kando yako mezani, wajifunze kutengeneza kano, ili ukiondoka ujuzi ubaki. Tena umupasue Mushagalusa mara ya pili. Yeye alituomba tusiliseme hili. Tumelisema.

Mungu akupe macho makali na mikono isiyochoka, akurudishe salama kwa watu wako.

Kesho asubuhi utaanza na Madeleine, mwalimu wa mtaa wa Muhumba. Ndiye huyu anayekusomea. Ametia sahihi leo, na bado anaogopa.

Ni sisi,
Wagonjwa wa Sali ya Mifupa, Bukavu